Mkanda wa taimingi kwenye gari ya dilivari: ubadilishwe lini?

Leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Naongelea mkanda mmoja wa mpira ulio kwenye injini ya gari tunayosambazia mizigo. Wengi wetu hatujawahi kuuona kwa sababu umefichwa nyuma ya kava. Ila ukikatika siku una oda kumi kwenye gari, utaujua tu.

Mimi niko Kerege, barabara ya Bagamoyo. Huku tunaouza mtandaoni tunafanana sana. Mmoja anauza kuku waliochinjwa, mwingine mananasi ya Kiwangwa, mwingine samaki wa Bagamoyo mjini, mwingine makabati na vitanda. Wateja wako Bunju, Tegeta, Mbezi Beach, Mwenge, hadi Kariakoo. Na gari zetu zinafanana pia: Noah ya zamani, Haisi, Carina, Corolla, kirikuu. Zilitoka Japani zikiwa zimeshatumika, zikapita mikono miwili mitatu hapa nchini, ndipo zikatufikia. Historia yake yote hakuna anayeijua.

Jibu natoa mapema, asiye na muda aondoke nalo. Kama gari yako inatumia mkanda wa taimingi na huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba muda wake umeisha leo. Badilisha, kisha anza kuhesabu upya: kilomita 80,000 au miaka mitano, chochote kitakachotangulia. Najua gari nyingi za Japani za miaka ya 1990 mtengenezaji aliweka kilomita 100,000. Nimepunguza makusudi, na sababu nitazitoa.

Kwanza tuelewane huu mkanda unafanya nini. Chini ya injini kuna kranki, inayozungushwa na pistoni zinazopanda na kushuka. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu, yaani vile vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Vitu hivi viwili lazima viende pamoja: kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, bila kupishana hata jino moja. Kinachoviunganisha ni mkanda wenye meno. Ndani yake kuna nyuzi ngumu zinazobeba nguvu, nje ni mpira. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imepaki, kama tairi la akiba linavyopasuka nyufa bila kugusa lami.

Huu siyo mkanda wa feni. Naomba hapa usipite haraka, maana ndipo watu wanapoumizwa. Mkanda wa feni na dainamo uko nje, unaonekana ukifungua boneti, na ukichoka unapiga kelele asubuhi. Wa taimingi haupigi kelele. Mara nyingi unakatika kimya kimya, bila taarifa. Sasa unaponunua gari, muuzaji akakwambia "belti nimeweka mpya juzi tu", muulize belti ipi. Anaweza kuwa anasema kweli kabisa, lakini anaongelea ile ya nje iliyomgharimu hela ndogo.

Kuna dada jirani yangu, anauza kuku wa nyama, oda anapokea WhatsApp. Alinunua Noah ya zamani kwa maneno hayo hayo ya belti mpya. Jumamosi moja alikuwa na kuku 60 kwenye barafu, wa shughuli ya Mbezi Beach. Alipofika Boko gari ikazima ghafla ikiwa kwenye mwendo, kama mtu amezima swichi. Akapiga stata, injini ikazunguka kwa wepesi kuliko kawaida lakini haikuwaka. Vijana wakataka kusukuma. Fundi aliyeitwa akafungua kava la juu, akatoa kipande cha mkanda mkononi: "Dada, hii ni taimingi. Na huu mkanda ni wa tangu Japani."

Kuku wakahamishiwa kwenye bajaji mbili, wakafika saa saba badala ya saa tatu. Mwenye shughuli alishanunua kuku wengine sokoni. Hakulipa, na namlaumu vipi? Tena akaandika kwenye grupu la wanakamati wenzake. Yule dada ananiambia gari ilipona kwa kazi ya siku moja, lakini grupu lile halijawahi kumletea oda tena.

Gari ilipona kwa sababu ya aina ya injini, na hapa inabidi ujue yako ni ipi. Kuna injini ambazo mkanda ukikatika zinazima tu. Valvu zikibaki wazi, pistoni ikipanda haizifikii. Unafunga mkanda mpya, unaweka taimingi, unaondoka. Toyota 3S-FE, iliyofungwa kwenye Noah za kwanza na RAV4 za zamani, iko kundi hili. Na zile 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Carina pia. Kundi la pili, nafasi ni ndogo: mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Valvu zinapinda, wakati mwingine pistoni zinatoboka, hedi inashushwa. Dizeli zenye mkanda zihesabu zote hapa, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa na pistoni inapanda mpaka karibu kabisa na valvu. Haisi za 3L na 5L, Noah na Townace za dizeli za 3C, Prado na Surf za 1KZ, zote hizo. Kwa petroli, Subaru za EJ20 zenye kamshafti nne usizifanyie mchezo.

Nyingine hazina mkanda kabisa, zina cheni. IST, Raum mpya, Probox, Vitz za familia ya NZ na SZ, Noah za kuanzia 2001 zenye injini ya 1AZ: hizi usimruhusu mtu akuuzie mkanda wa taimingi. Kirikuu za Suzuki ziko za aina mbili, F6A ina mkanda, K6A ina cheni. Cheni haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda, lakini inaishi kwa oili. Ukichelewesha oili inalegea, na asubuhi ukiwasha utasikia inagonga-gonga kwa sekunde chache. Basi, cheni tuishie hapo.

Utajuaje injini yako? Toyota nyingi zina kibati kwenye chumba cha injini chenye neno ENGINE na kando yake herufi kama 3S-FE au 5L. Kwenye kadi ya gari pia, namba ya injini mara nyingi huanza na herufi hizo hizo. Ila tahadhari, gari zetu hizi zinabadilishwa injini sana. Kadi inaweza kusema hivi na ndani kukawa na kitu kingine. Mwombe fundi asome namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Na wewe unayefunga injini ya mtumba, badilisha mkanda ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari. Kazi ni rahisi mara tatu, na umri wa ule mkanda uliokuja nao hakuna mtu anayeujua.

Ushahidi unaotakiwa ni upi? Kule Japani fundi akibadilisha mkanda kwa kawaida anabandika stika, juu ya kava la taimingi au sehemu nyingine chini ya boneti. Imeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka: tarehe na kilomita. Mwaka ndio unachanganya, maana Wajapani wanahesabu kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo namba utakayoiona ongeza 1988. Ikiandikwa 19, ni 2007. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, hiyo unaongeza 2018. Ukiona namba ndogo kama 3 au 4, linganisha na mwaka gari ilipotengenezwa ndipo ujue ni enzi gani. Piga picha stika, ipitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu, kwa sababu nyingine ni za oili tu na mtu anaweza kukuonyesha hiyo kama ushahidi. Halafu fanya hesabu: stika ya 2007 ni ushahidi kwamba mkanda umezeeka, siyo kwamba ni mzima.

Toyota za dizeli zina taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, inayowaka kilomita za mkanda zikitimia. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa zote za dashibodi zinatakiwa kuwaka, na hiyo ikiwemo. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ametoa balbu. Taa hiyo pia inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma, hilo kila anayenunua gari anajua. Ndiyo maana nasema ushahidi ni risiti au stika yenye tarehe. Maneno ya mwenye gari hayahesabiki.

Unaweza pia kufungua kava la juu, lina bolti chache tu, ukatazama. Nyufa, meno yaliyolika, pembeni kunyofoka nyuzi, upande wa juu kung'aa kama kioo, au mkanda umelowa oili: ukiona kimojawapo usisubiri mwisho wa mwezi. Lakini mkanda kuonekana mzuri siyo dhamana. Nimeona mkanda wa zaidi ya miaka kumi usio na ufa hata mmoja. Fundi akaukunja kwa vidole, mizizi ya meno ikafunguka kama mkate mkavu.

Sasa kwa nini nasema 80,000 na siyo 100,000? Fikiria kazi ya gari zetu. Kutoka hapa Kerege mpaka Kariakoo na kurudi, mita yangu inasoma kilomita 90 hivi. Lakini saa ngapi? Ukiingia foleni Tegeta asubuhi, injini inazunguka, mkanda unazunguka, joto limepanda, na kilomita hazisogei. Mtengenezaji aliandika kilomita, ila mkanda unahesabu mizunguko na joto. Ongeza mizigo tunayobeba. Ongeza vumbi la barabara za ndani, huku makava mengi ya taimingi yamevunjika masikio au fundi wa mwisho alirudisha bolti mbili kati ya tano. Mchanga ukiingia pale unasaga mkanda na beringi. Na oili ikivuja kutoka sili ya kamshafti au kranki, mpira unalainika na kuvimba. Oili ikiufikia mkanda, sahau kilomita, badilisha huo mkanda na sili iliyovuja kwa pamoja.

Tuje kwenye pesa, ndiko tulikozoea. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme kazi nzima, spea na ufundi, ni shilingi 350,000. Safari moja kilomita 90. Kilomita 80,000 ni safari kama 888. Gawanya: unapata kama shilingi 394 kwa safari, tufanye 400. Kama unabeba oda kumi kila safari, ni shilingi 40 kwa kila oda. Arobaini! Mfuko wa kufungashia unazidi hapo. Ukienda mjini mara nne kwa wiki, kilomita hizo zinaisha kwa miaka minne na kidogo, kwa hiyo wewe kilomita zitatangulia. Mwenye kwenda mara moja kwa wiki, miaka mitano itamkuta kabla.

Tatizo letu ni kwamba bei ya dilivari tunaipanga kwa mafuta peke yake. Mafuta ya 20,000, oda kumi, basi kila mteja 2,000 na tunajisikia tumesambaza bila hasara. Gari inaliwa pole pole na hakuna aliyelipia. Mimi kwenye daftari nina mstari unaoitwa "gari", kila safari natoa kiasi na kukituma kwenye laini nyingine ambayo siitumii kwa biashara. Mkanda, tairi, oili na breki vyote vinatoka humo. Siku ya fundi sigusi mtaji wa bidhaa.

Upande wa pili wa hesabu, jamaa mmoja wa makabati ana Haisi ya 5L. Mkanda ulikatika karibu na Mapinga. Hedi ikashushwa, valvu zilizopinda zikabadilishwa, hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, na mkanda wenyewe bado akanunua. Gari ilikaa gereji zaidi ya wiki mbili, sehemu kubwa ya muda huo akitafuta hela ya awamu inayofuata. Wakati huo anakodi kirikuu kila akipata oda, faida yote inaishia kwenye kukodi. Ukiwa na dizeli na bado unajiuliza usubiri au usisubiri, kaongee na mtu wa aina hiyo.

Ukienda kubadilisha, usibadilishe mkanda peke yake. Kuna tenshena inayoukaza na puli inayouongoza, zote zina beringi. Beringi ikikwama, mkanda mpya unakatika na wenyewe. Sili za kamshafti na kranki weka mpya, ni bei ndogo na pale ni wazi tayari. Kwenye 3S-FE, pampu ya maji inazungushwa na mkanda huo huo. Pampu ikianza kuvuja miezi sita baadaye, utalipa ufundi ule ule tena. Kwenye 5A na 7A pampu inazungushwa na mkanda wa nje, hivyo hapo hujalazimika kama haivuji.

Fundi wako mwambie mambo mawili, kwa heshima. Injini iwe ya baridi. Na akishafunga, kabla ya kugusa stata, azungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama zote zirudi mahali pake. Ikigoma njiani asilazimishe. Fundi mzuri hafanyi hivyo kwa sababu umemwambia, anafanya siku zote. Anayekujibu "hii nimezoea, nafunga kwa macho", mtafutie kazi nyingine. Mkanda wa zamani akukabidhi mkononi.

Kuhusu spea, Gerezani na Kariakoo kwa ujumla utapata kila kitu, halisi na feki, wakati mwingine kwenye rafu moja. Bando, Mitsuboshi na Gates ni watengenezaji wa kweli, ndiyo maana boksi zao zinaigwa. Nenda na mkanda wa zamani au namba ya spea. Hesabu meno, linganisha upana, angalia kama maandishi yamechapwa vizuri kwenye mpira wenyewe siyo kwenye boksi tu. Dai risiti yenye jina la duka. Na mtu asikuuzie mkanda wa taimingi wa mtumba hata akupe bure. Ninyi mnaouza spea mtandaoni, wekeni picha ya namba ya spea na idadi ya meno kwenye posti. Mteja anayejua anachotafuta atanunua kwenu bila kuuliza maswali kumi.

Ikitokea imekatika ukiwa barabarani, gari inazima ghafla, na ukipiga stata inazunguka kwa wepesi bila kushika. Ukihisi hivyo acha stata. Usisukumwe, usivutwe ukiwa na gia ili iwake. Kama ni injini ya kundi la pili, kila mzunguko unaweza kuongeza valvu nyingine iliyopinda. Toa gia, gari ivutwe. Kisha piga simu kwa wateja kabla hawajakupigia wewe, anza na mwenye mzigo unaoharibika. Namba ya mwenye bajaji au kirikuu wa njia yako iwe imeshahifadhiwa kwenye simu toka leo. Mimi ninazo mbili, wa Bunju na wa Tegeta.

Kazi ikishaisha, andika kwa maka isiyofutika juu ya kava: tarehe, kilomita, na kilomita za kubadilisha tena. Piga picha kava hilo, mkanda wa zamani na risiti, zote kwenye fremu moja, ujitumie WhatsApp. Siku ukiiuza hiyo gari, weka picha hiyo ya kwanza kabisa kwenye tangazo, kabla ya picha ya rimu.